Ituri: Hati ya ardhi, jembe na bunduki

Kunapopambazuka Bunia, mji mkuu wa mkoa wa Ituri mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hapa Kenmore huwa ni saa tano au saa sita za usiku, kutegemea majira ya mwaka. Ndio wakati simu zinapoanza kulia.

Kenmore ni mji mdogo wa watu wapatao 15,000 katika jimbo la New York, unaopakana na Buffalo kwa upande wa kaskazini. Ukivuka barabara ya Kenmore Avenue umeshaingia Buffalo, ambako katika miongo miwili iliyopita wamepokewa wakimbizi wengi kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia. Mimi niliishia hapa baada ya kulazimika kuondoka nyumbani kwa sababu ya kazi ya uhariri. Kutoka hapa hadi Bunia ni zaidi ya kilomita 11,000, lakini ujumbe wa sauti uliorekodiwa alfajiri huko Djugu huweza kuwa umeshasikilizwa Louisville, Columbus na Buffalo kabla watu hawajalala.

Mara nyingi ujumbe huo una sehemu mbili. Ya kwanza hutaja kijiji kilichoshambuliwa, nyumba zilizochomwa na majina ya waliouawa. Ya pili huomba mchango. Wakati mwingine mchango ni wa sanda na jeneza, wakati mwingine ni wa dawa. Na wakati mwingine ni wa "vijana wanaotulinda", maneno ambayo kila msikilizaji huyaelewa bila kufafanuliwa.

Jirani yangu mmoja, mama wa makamo kutoka Djugu, hausikilizi ujumbe huo hadi mwisho. "Papa," aliniambia usiku mmoja, "wafu nitawalilia. Lakini niulizie nani amelima shamba letu msimu huu."

Nimehudhuria mikutano mingi ya waandishi wa habari kuhusu amani ya Ituri, na sikumbuki swali la maana kuliko hilo. Mimi si Mhema wala si Mlendu. Naliandikia jambo hili kama mtu aliyelitazama kwa muda mrefu, na kwa muda mrefu akalitazama vibaya.

Karatasi ya miaka miwili

Vyombo vya habari vya kimataifa huieleza Ituri kwa sentensi moja: Wahema ni wafugaji, Walendu ni wakulima, na jamii hizo mbili zina uhasama wa jadi. Sentensi hiyo si uongo mtupu, ila huficha mengi kuliko inavyofichua. Wahema wengi hulima, na Walendu wengi wana ng'ombe na mbuzi wao. Wahema wa kaskazini, wanaojulikana pia kama Wagegere, lugha yao ya nyumbani ni Kilendu. Watu hao wameoana, wamebadilishana maziwa kwa muhogo na wamezikana kwa vizazi kadhaa. Walikuwa na magomvi, ndiyo. Mapigano yalitokea mwaka 1972, 1985 na 1996, lakini yote hayo yalizimika kabla ya kuteketeza mkoa mzima.

Utawala wa kikoloni wa Ubelgiji uliwapendelea Wahema katika shule na katika vyeo. Mwaka 1973 Rais Mobutu Sese Seko alipozitwaa mali za wageni na kuwagawia raia, waliokuwa na elimu, fedha na marafiki serikalini ndio waliorithi mashamba makubwa ya walowezi. Katika Ituri, wengi wa warithi hao walikuwa Wahema.

Mwezi Julai mwaka huohuo ilipitishwa sheria iliyoitangaza ardhi yote kuwa mali ya dola. Ardhi iliyokaliwa na wanavijiji kwa mujibu wa mila iliahidiwa kanuni zake maalumu, zitakazotolewa kwa amri ya rais. Miongo ikapita bila amri hiyo kutolewa. Mwanakijiji akabaki analima ardhi ya babu yake bila karatasi yoyote, wakati mwenye karatasi alikuwa na haki zote mbele ya hakimu, hata kama hajawahi kuishika ardhi hiyo kwa jembe.

Palikuwa na kifungu kingine ambacho wanavijiji wachache walikijua. Hati ya ardhi ikishatimiza miaka miwili bila kupingwa mahakamani, ilikuwa haiwezi kubatilishwa tena. Hebu tufikirie maana yake kijijini. Mtu anakwenda mjini, anajipatia hati inayomeza mashamba ya watu wanaoishi humo, anaifungia hati hiyo kabatini kwa miaka miwili, kisha anarejea nayo akiwa na askari. Anayefukuzwa anaambiwa kwamba amechelewa kulalamika, ilhali ndiyo siku ya kwanza anapata habari.

Shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2003, lilieleza madai kwamba mwaka 1999 baadhi ya Wahema walijaribu kuitumia sheria hiyo kuwaondoa Walendu katika ardhi yao. Moto uliwaka Walendu Pitsi, katika wilaya ya Djugu. Wakati huo Ituri ilikuwa mikononi mwa jeshi la Uganda, na baadhi ya wenye mashamba makubwa walikodi askari wake wawalinde. Mwezi Juni mwaka huo Jenerali James Kazini wa Uganda alimteua Adèle Lotsove, ambaye ni Mhema, kuwa gavana. Walendu waliuona uteuzi huo kama tangazo kwamba mwenye nguvu amekwisha kuchagua upande. Ugomvi wa mipaka ya mashamba ukawa vita. Hadi mwaka 2003, watu zaidi ya 50,000 walikuwa wameuawa na wengine wapatao nusu milioni wameyahama makazi yao.

Hapa sina budi kukiri jambo. Katika miaka ile nilikuwa mhariri kijana wa zamu. Ripota mmoja alituletea habari ndefu juu ya shamba moja lenye hati mbili zisizolingana, kesi iliyolala mahakamani, na familia zilizokuwa zikihesabu siku. Aya hizo nilizifuta kwa kalamu yangu mwenyewe, kwa sababu ya nafasi. Nikabakiza idadi ya waliokufa na kichwa cha habari chenye maneno "mapigano ya kikabila". Habari ikawa fupi na safi, na msomaji akaelewa kwamba watu wale huuana kwa kuwa ndivyo walivyo. Baadaye nilikuja kufikiri kwamba wachochezi wa pande zote mbili wangeweza kukiandika kichwa kile bila kubadili neno.

Msimu mmoja ukipotea

Ituri hupata misimu miwili ya mvua, mmoja unaoanza Machi na mwingine unaoanza Agosti. Mkulima anayekimbia kijiji chake mwezi Machi hapotezi mazao ya Machi peke yake. Mbegu zake za maharage na mahindi hutoka katika mavuno yake mwenyewe, kwa hiyo mwezi Agosti, hata bunduki zikinyamaza, hana cha kupanda. Atakopa, au atakwenda kulima kibarua katika shamba la mwingine kwa ujira wa chakula cha siku, na shamba lake litaota magugu. Mwaka unaofuata jirani ataliona limeachwa na kuanza kulilima. Hivyo ndivyo kukimbia kwa wiki mbili kunavyozaa kesi ya ardhi ya miaka kumi.

Muhogo una sifa moja kubwa: ukikomaa unaweza kusubiri ardhini kwa miezi mingi. Ndiyo sababu ni akiba ya maskini. Lakini katika vita akiba hiyo huwa mtego. Waliokimbilia kambini huona njaa, hurudi kwa siri kuchimba muhogo wao, na wengi wameviziwa wakiwa njiani au wakiwa wameinama shambani.

Kwa mfugaji hesabu ni nyingine, ila hasara haipungui. Ng'ombe ni ada ya shule, ni mahari, ni malipo ya hospitali. Wakiporwa, familia imefilisika kwa usiku mmoja. Wasipoporwa, husongwa mahali pamoja palipo na askari, malisho yakaisha, magonjwa yakaingia, na ng'ombe wenye njaa wakaingia katika mashamba ya watu ambao hadi jana hawakuwa na ugomvi na mwenye ng'ombe.

Kisha kuna soko. Barabara ya taifa namba 27, inayotoka Bunia kupitia Iga-Barrière kuelekea Mahagi na mpaka wa Uganda, ndiyo mshipa wa uchumi wa Djugu. Wanamgambo, na mara nyingine askari wa serikali wenyewe, huweka vizuizi ambapo kila mwenye baiskeli, pikipiki au mzigo wa kichwani hulipa ndipo apite. Mama anayenunua samaki wa chumvi Tchomia au Kasenyi, kando ya Ziwa Albert, hulazimika kuziongeza gharama hizo katika bei, na mnunuzi wa Bunia hawezi kuimudu. Likelemba, upatu wa kina mama ambao ulikuwa hauulizi kabila, huvunjika kwa sababu mwanachama mmoja akikimbia na zamu yake, wenzake hawajui watamtafuta wapi.

Haya hayaonekani katika takwimu za vifo. Ndugu zangu wa vyombo vya habari tunajua kuhesabu maiti, hatujui kuhesabu misimu.

Mapigano ya Djugu yaliporudi mwezi Desemba 2017, makumi ya maelfu ya watu walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi kuingia Uganda. Wengi walipelekwa katika makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, ambako mwezi Februari 2018 waliwakuta ndugu wa wimbi la kwanza pamoja na ugonjwa wa kipindupindu. Kyangwali ni jina linalofahamika sana katika nyumba za Wakongo hapa Buffalo, kwa kuwa wengi walikaa huko miaka mingi kabla ya kuitwa Marekani. Tangu Rais Donald Trump aliposimamisha mpango wa kupokea wakimbizi mwezi Januari 2025, wengi wa waliokuwa wakisubiri kuitwa wamebaki hukohuko.

Ushirika uliogeuka jeshi

Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu nchini Kongo ilitoa ripoti mwezi Januari 2020 iliyosema kwamba watu wasiopungua 701 waliuawa katika Djugu na Mahagi kati ya Desemba 2017 na Septemba 2019, wengi wao wakiwa Wahema. Kundi lililotajwa zaidi tangu hapo ni CODECO, ambalo wapiganaji wake wengi ni Walendu.

Jina hilo lina historia ambayo haisimuliwi vya kutosha. CODECO ni kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya Ushirika kwa Maendeleo ya Kongo. Uliundwa katika miaka ya 1970 na Bernard Kakado ukiwa ushirika wa wakulima. Kwa maneno mengine, kundi linalochoma mashamba leo lilirithi jina la chombo kilichoundwa ili kuyastawisha.

Simaanishi kwamba wapiganaji hao ni wakulima waliokosa mbolea. Walioua wanawake na watoto katika kambi ya Plaine Savo usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, ambako watu wapatao 60 walipoteza maisha, hawana udhuru wa kihistoria. Wala hawana udhuru wanamgambo wanaojiita Zaïre, ambao hudai kuwalinda Wahema na ambao pia wametuhumiwa kwa mauaji ya raia. Aidha, dhahabu ya Mongbwalu, wanasiasa wa Bunia na Kinshasa, na majeshi ya nchi jirani vina sehemu yao kubwa katika msiba huu. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda ilikuwa dola iliyoikalia Ituri kwa mabavu, na mwezi Februari 2022 ikaamuru iilipe Kongo dola milioni 325. Kati ya hizo, milioni 40 ni kwa ajili ya uharibifu wa mali.

Ninalosema ni dogo zaidi, na nadhani ni gumu zaidi kulikanusha. Kijana asiye na shamba la kurithi, anayeona ardhi ya ukoo wake imeandikwa jina la mtu mwingine, ni rahisi kumpa bunduki. Na kijana wa upande wa pili, ambaye ng'ombe wa baba yake wameporwa wote, naye ni rahisi kumpa bunduki.

Siku kumi baada ya Aru

Serikali ya Kongo imejaribu njia nyingi. Mwezi Mei 2021 Rais Félix Tshisekedi aliiweka Ituri pamoja na Kivu Kaskazini chini ya utawala wa kijeshi. Walitumwa pia wapatanishi waliowahi kuwa makamanda, kwa matumaini kwamba wapiganaji watawasikiliza wazee wao wa vita. Miongoni mwao walikuwa Thomas Lubanga na Germain Katanga, ambao wote wawili walikuwa wamehukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu mjini The Hague. Mwezi Februari 2022 wajumbe hao walitekwa na CODECO. Mwaka 2025 Lubanga, akiwa nje ya nchi, alitangaza vuguvugu lake jipya lenye silaha.

Tarehe 1 Juni 2023, katika mji wa Aru, makundi yenye silaha ya Ituri, likiwemo la CODECO na lile la Zaïre, yalitia saini ahadi ya kusitisha mapigano. Picha zilipigwa. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Juni, siku kumi tu baadaye, kambi ya wakimbizi wa ndani ya Lala ilishambuliwa na watu wapatao 45 wakauawa. Kambi hiyo ilikuwa Djugu.

Wadadisi wengi walihitimisha kwamba wapiganaji hawaaminiki. Huenda ni kweli, lakini kuna kasoro nyingine iliyotangulia saini. Katika mazungumzo ya aina hii anayealikwa mezani ni mwenye bunduki. Mwenye jembe na mwenye fimbo ya kuchungia huletewa matokeo kwa redio. Kikao hujadili wapiganaji wangapi wataingia kambini na watapewa nini, wakati aliyekuwa akilima kwa amani haahidiwi kitu. Nimewahi kumsikia mkulima akisema, bila kucheka, kwamba kosa lake ni kutokuwa na bunduki ya kusalimisha.

Mara moja tu, kwa ninavyokumbuka, chombo kikubwa cha kimataifa kiliketi kuhesabu hasara ya shamba. Ilikuwa katika kesi ya Katanga, aliyehukumiwa kifungo cha miaka 12 mwaka 2014 kwa mchango wake katika shambulio la Bogoro la tarehe 24 Februari 2003. Bogoro ni kijiji kilicho kati ya Bunia na Kasenyi. Mwezi Machi 2017 majaji walitathmini madhara ya waathiriwa 297, yakiwemo nyumba zilizobomolewa, mifugo iliyoporwa na mazao yaliyoteketea, wakafikia jumla ya takriban dola milioni 3.75. Kila mwathiriwa alipewa fidia ya ishara ya dola 250, pamoja na misaada ya pamoja ya makazi, elimu na shughuli za kujipatia kipato. Dola 250 haziwezi kulirudisha zizi. Lakini kwamba mahakama ya dunia iliuliza ulikuwa na nyumba gani na ng'ombe wangapi, hilo halikuwa jambo dogo kwa watu ambao serikali yao haijawahi kuwauliza.

Walichofanya wanawake wa Wajir

Kuna mahali katika Afrika Mashariki ambapo kazi ilianzia upande wa pili, sokoni, na ni vizuri watu wa Ituri wakaitazama kwa makini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wilaya ya Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, ilikumbwa na mapigano ya koo za Kisomali. Ukame ulikuwa umeua mifugo, na silaha zilikuwa zikimiminika kutoka Somalia iliyosambaratika. Mwaka 1993 kikundi kidogo cha wanawake, miongoni mwao mwalimu kijana Dekha Ibrahim Abdi, kilianza na jambo ambalo wanadiplomasia wasingelipa uzito: kuhakikisha kwamba kila mwanamke, wa ukoo wowote, anaweza kuuza na kununua katika soko la Wajir bila kubughudhiwa. Walifuatilia wenyewe sokoni. Ugomvi ulipotokea, waliusuluhisha hapohapo kabla haujafika nyumbani kwa wanaume.

Kutoka sokoni wakawaendea wazee. Mwaka huohuo wazee wa koo walitoa Azimio la Al Fatah, lililoweka taratibu za kurejesha mifugo iliyoibwa na kulipa fidia ya damu. Baadaye vijana, wafanyabiashara, viongozi wa dini na maafisa wa wilaya waliingia, na mwaka 1995 ikaundwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Kamati za amani za wilaya zilizoenea kwingineko Kenya zilijifunza mengi kutoka hapo. Dekha Ibrahim Abdi alitunukiwa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, na alifariki dunia mwaka 2011.

Wajir si Ituri. Pale hapakuwa na dhahabu, wala jeshi la kigeni. Hata Wajir kwenyewe amani haikudumu bila kutikisika. Kilichonivutia ni mpangilio wa hatua. Kwanza soko, kisha mifugo na fidia, na mwisho ndipo hotuba. Aru ilianza na hotuba.

Djugu kuna masoko ambayo kabla ya vita yalikuwa na siku zake za juma, na kila jamii ilijua siku ipi inakwenda wapi. Kulifungua soko moja, kwa siku moja ya juma, likiwa na makubaliano ya kina mama wa pande zote mbili na njia moja isiyo na kizuizi, ni kazi inayoweza kupimwa. Soko limefunguliwa au halikufunguliwa. Aliyekwenda amerudi salama au hakurudi. Ikishindikana wiki hii, inajulikana nani aliyelivunja, na wazee wake wanaulizwa.

Ardhi ni ngumu zaidi. Mwaka 2008 iliundwa tume ya ardhi ya Ituri kwa ajili ya upatanishi, na mashirika ya Umoja wa Mataifa yakasaidia kazi hiyo. Wapatanishi walikwenda vijijini, wakatembea mipaka pamoja na pande husika, wakaandika makubaliano. Hiyo ndiyo njia ninayoiamini kuliko nyingine zote, na inasikitisha kwamba katika nchi hii kazi ya namna hiyo hudumu kadiri ya fedha za mfadhili. Hati zilizotolewa kimyakimya juu ya mashamba yenye watu zinapaswa kufunguliwa upya, hata zile zilizotimiza miaka miwili, na hasa zile. Najua pendekezo hili litawakera baadhi ya Wahema, wakiwemo wasomaji wangu, ambao watauliza kwa nini waliouawa kwa mapanga ndio watakaonyang'anywa hati. Swali hilo ni halali. Jibu langu ni kwamba wengi wa waliouawa Djugu hawakuwa na hati yoyote. Walikuwa wanavijiji maskini waliolipia kabati la mtu mwingine.

Na jambo la tatu, dogo lakini la haraka: anayerudi kijijini arudi na mbegu za msimu wa kwanza na dawa za mifugo, kwa pande zote, siku moja, mahali pamoja. Misaada ikiwafikia waliorudi wa jamii moja huku jirani wa jamii nyingine wakichungulia kupitia ua, mfadhili amelipia ugomvi unaofuata.

Simu za usiku

Nimeulizwa mara kadhaa sisi tulio huku tunaweza nini. Mkoa una zaidi ya watu milioni moja waliohama makazi yao, na kusini mwake waasi wa ADF wanaendesha mauaji yao yasiyohusiana na Wahema na Walendu. Ni kweli kwamba uwezo wetu ni mdogo. Ila si mdogo kama tunavyopenda kudai pale tunapokosolewa.

Fedha zinazotoka Louisville, Columbus na Buffalo ni fedha halisi. Mtu anayefanya kazi ya kufungasha vyakula usiku kucha, akatuma dola 50, huko nyumbani zinakodi shamba la msimu au zinanunua majembe. Dola hizohizo zikiingia katika chungu cha "vijana wanaotulinda" zitanunua kitu kingine, na aliyezituma hatapewa risiti. Nawajua watu wawili, mmoja Mhema na mwingine Mlendu, wanaopanda gari moja kwenda kazini kila usiku ili kugawana gharama za mafuta. Wakati wa theluji husaidiana kulichimbua gari hilo. Humo ndani huzungumza juu ya kodi ya nyumba, watoto na mpira, na hawagusi habari za nyumbani. Wote wawili huchanga. Sijawahi kuthubutu kuwauliza huchangia nini.

Pendekezo nililolitoa katika mkutano mmoja wa jumuiya lilikuwa kwamba tuwe na mchango mmoja unaoonekana, wa mbegu, unaosimamiwa na kina mama wa pande zote. Mzee mmoja alinijibu kwa upole, "Ndugu mhariri, wewe hujachomewa nyumba." Ni kweli. Pendekezo halikukataliwa, likawekwa kando, na likabaki huko.

Jirani yangu wa Djugu amepata jibu lake. Wiki chache zilizopita kaka yake, aliyekimbilia Bunia, alifanikiwa kumpata kwa simu mtu wa kijijini. Shamba limelimwa na majirani wao wa zamani, familia ya Kilendu waliyokuwa wakipeana nayo maziwa na muhogo. Wamepanda maharage. Wametuma salamu, na wameomba wavune kwanza, kisha wazungumze.

Alikuja kunieleza hayo akiwa bado amevaa koti la kazini. Nilimuuliza amemjibu nini kaka yake. Akasema hajamjibu ndiyo wala hapana. Amemwagiza awaulize kama mti wa mpaka bado umesimama.